Kanuni ya Mnyororo: Jinsi Badiliko Moja Linavyozaa Jingine

Katika kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, maji hutokota yakiwa na nyuzijoto 84 hivi. Wapishi wa misafara ya Kilimanjaro hawahitaji kipimajoto ili walijue hilo. Jiko lenyewe huwaambia, kwa kuwa chakula kinachoiva upesi Moshi mjini huko juu hukaa motoni muda mrefu zaidi. Kadiri msafara unavyopanda, ndivyo kiwango cha mchemko kinavyoshuka. Tuseme watu wanapanda mita 300 kwa saa, pole pole kama waongozaji wanavyosisitiza. Je, kiwango cha mchemko kinashuka nyuzi ngapi kila saa?

Ugumu wa swali hili ni kwamba maji hayana habari ya saa. Hayana habari hata ya mwinuko: sufuria haijui kama iko Kibo au Kariakoo. Kinachoyaamulia maji wakati wa kutokota ni mgandamizo wa hewa. Mgandamizo nao hautazami saa, unafuata mwinuko. Mwinuko ndio unaobadilika na saa, kwa sababu watu wanatembea. Kati ya saa na sufuria, basi, wapo wajumbe wawili, na hakuna njia ya kufika kwenye jibu bila kuwapitia.

Tuanze chini, karibu na usawa wa bahari. Kila mita moja ya kupanda hupunguza mgandamizo kwa takriban paskali 12. Na kwa maji yaliyo karibu na nyuzi 100, kila paskali inayopungua hushusha kiwango cha mchemko kwa nyuzi 0.00028 hivi. Zidisha 12 kwa 0.00028, unapata nyuzi 0.0034 kwa mita. Zidisha tena kwa mita 300 kwa saa, unapata nyuzi moja kwa saa. Hiyo ndiyo kanuni ya mnyororo, na hesabu nzima imekwisha. Wanahisabati huiandika hivi: ikiwa y inategemea u, na u inategemea x, basi dy/dx = dy/du × du/dx. Kiwango cha badiliko la kitu cha mwisho kwa kila badiliko la kitu cha kwanza ni zao la viwango vya viungo vyote vya katikati.

Kwa nini kuzidisha, wala si kujumlisha? Vipimo vyenyewe vinajibu. Nyuzi kwa paskali, mara paskali kwa mita, mara mita kwa saa: paskali zinafutana, mita zinafutana, zinabaki nyuzi kwa saa. Ukijaribu kujumlisha nyuzi kwa paskali na mita kwa saa hupati kitu chochote chenye maana. Kiungo cha kwanza kikikuza badiliko mara tatu, na cha pili kikilikuza mara tano, kinachotoka mwishoni kimekua mara kumi na tano. Kiungo kimoja kikiwa sifuri, mnyororo mzima unakufa hapo hapo, hata kama vingine vyote vina nguvu kiasi gani. Naona ukweli huu una uzito kuliko fomula yenyewe, nasi tutaukuta tena mbele, mahali ambapo uliwasumbua watafiti kwa miaka mingi.

Sasa tupande hadi mita 4,000. Huko hewa ni nyepesi, na mita moja ya hewa nyepesi ina uzito mdogo, kwa hiyo mgandamizo hupungua kwa takriban paskali 8 tu kwa mita. Mwanafunzi mwenye haraka atachukua 8 hiyo, aizidishe kwa 0.00028 aliyokwisha kuinakili, apate 0.0022, kisha atangaze kwamba mchemko sasa unashuka polepole zaidi. Amekosea kwa thuluthi nzima. Ile 0.00028 ilipimwa kwenye mgandamizo wa pwani, ilhali sufuria yetu iko mlimani. Kwenye mgandamizo wa mita 4,000, paskali moja ina athari kubwa zaidi kwa maji: takriban nyuzi 0.00042. Zao la 8 na 0.00042 linarudi pale pale, 0.0034.

Kosa hilo ndilo kosa kuu katika matumizi ya kanuni hii, na maandishi ya dy/du yanalificha. Yanaonekana kama sehemu za kawaida ambazo du ya juu na du ya chini zinakatana, basi mtu hukata na kusonga mbele. Maandishi ya mwanahisabati Lagrange yana ukali zaidi: kiwango cha badiliko la f(g(x)) ni f′(g(x)) × g′(x). Tazama kilichomo ndani ya mabano ya f′. Si x, ni g(x). Kiungo cha nje hupimwa mahali ambapo kiungo cha ndani kimekifikisha. Mwanafunzi anayeandika f′(x) × g′(x) anafanya kosa lile lile la kutumia kipimo cha pwani akiwa mlimani.

Na je, kule kurudi kwenye 0.0034 ni bahati? Kwa kiasi kikubwa, hapana. Mgandamizo hupungua kwa mita kulingana na ukubwa wa mgandamizo wenyewe: hewa ikiwa nusu, upungufu nao ni karibu nusu. Kwa upande wa maji, kanuni ya Clapeyron ya mwaka 1834, iliyoimarishwa na Clausius mwaka 1850, inasema kinyume chake: mgandamizo ukipungua, athari ya kila paskali huongezeka karibu kwa uwiano ule ule. Kiungo kimoja kimebeba mgandamizo juu, kingine kimeubeba chini, na vinapozidishwa unafutika. Ndiyo maana kanuni ya mkono ya wapanda milima, nyuzi moja kwa kila mita 300, inafaa pwani na inafaa karibu na kilele, ambako kwenye mita 5,895 maji huchemka yakiwa na nyuzi 80 hivi. Mtu aliyekariri kanuni hiyo ya mkono anajua namba tu. Aliyeandika mnyororo wake anajua pia kwa nini namba hiyo haibadiliki.

Historia ya kanuni hii ina jambo la kushangaza: ilitumika kwa zaidi ya karne moja kabla ya kupewa nafasi yake vitabuni. Gottfried Wilhelm Leibniz aliitumia katika maandishi ya mwaka 1676 alipotafuta kiwango cha badiliko la kipeuo cha pili cha a + bz + cz², akikichukulia kipeuo kama kitu kimoja na kilichomo ndani kama kitu kingine. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa la alama ya kujumlisha na kutoa. Hivyo kosa linalowatoa machozi wanafunzi wa kidato cha tano lilimpata hata mmoja wa waasisi wa kalkulasi. Makala yake ya mwaka 1684 ina kichwa kirefu kinachotangaza kwamba njia mpya haikwami kwenye sehemu wala kwenye vipeuo, na humo alitoa kwa mistari michache kanuni ya kupinda kwa mwanga unapoingia majini, ambayo Pierre de Fermat aliifikia mwaka 1662 kwa jasho jingi. Siri ya wepesi huo ni kuvivunja vipeuo kiungo kwa kiungo badala ya kuvifumua kwa nguvu.

Newton hakuihitaji kwa sura hiyo. Kwake kila kitu kilitiririka na wakati, na uwiano wa mitiririko miwili ulitosha. Kanuni ilikuwa imejificha ndani ya namna yake ya kufikiri. Leonhard Euler, aliyeandika karibu kila kitu kuhusu kalkulasi katika karne ya 18, hakuitaja kama kanuni inayojitegemea katika vitabu vyake vikuu. Ilikuwa dhahiri mno kwao: ukibadilisha u kwa du, na du ni kitu fulani mara dx, unaweka tu mahali pake. Sura inayofanana na ya leo inaonekana kwa Lagrange mwaka 1797, na Cauchy akaiingiza katika mafunzo yake ya mwaka 1823, pale kalkulasi ilipoanza kudaiwa uthibitisho wa kweli badala ya imani katika vidogo visivyo na ukubwa.

Uthibitisho huo una shimo ambalo watu wengi wamelipita bila kuliona. Njia rahisi ni kuandika badiliko la y gawanya kwa badiliko la x, kisha kuzidisha na kugawanya kwa badiliko la u, halafu kuacha yote yapungue kuelekea sifuri. Inapendeza machoni. Lakini je, badiliko la u likiwa sifuri huku x imebadilika kweli? Utakuwa umegawanya kwa sifuri. Na hilo hutokea: fanksheni x² × saini(1/x), ikipewa thamani sifuri pale x ilipo sifuri, hugusa sifuri mara zisizo na hesabu katika ujirani wowote wa sifuri, mdogo kiasi chochote. Dawa ni kuacha kugawanya. Badala yake unasema kwamba badiliko la y ni sawa na kiwango mara badiliko la u, pamoja na salio dogo mno likilinganishwa na badiliko la u. Sentensi hiyo inabaki kweli hata badiliko la u likiwa sifuri. Constantin Carathéodory, mwanahisabati Mgiriki aliyefundisha Ujerumani, aliiweka katika sura safi zaidi, ambayo uthibitisho wake hauzidi mistari mitatu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo ingefundishwa vyuoni tangu siku ya kwanza.

Mpaka hapa mnyororo wetu una njia moja. Duniani, mara nyingi badiliko hufika kwa njia kadhaa kwa pamoja. Mpandaji anaanza safari asubuhi. Jua linachomoza na hewa inapata joto. Tuseme kila mahali mlimani joto linapanda nyuzi 2 kwa saa. Wakati huo huo anapanda, na kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita ya mwinuko. Kwa mwendo wa mita 300 kwa saa, kupanda kwake kunamwondolea nyuzi 1.95 kila saa. Jua linampa 2, mlima unamnyang'anya 1.95, anachokisikia mwilini ni badiliko la nyuzi 0.05 kwa saa, yaani karibu hakuna. Rafiki yake aliyebaki kambini tayari amevua koti.

Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya kanuni: ndani ya njia moja viwango vinazidishwa, na kati ya njia na njia vinajumlishwa. Euler aliitumia katika kazi yake ya mwaka 1757 kuhusu mwendo wa maji na hewa, akitenganisha badiliko linalotokea mahali palipotulia na badiliko linalompata yule anayesafiri na mkondo. Hesabu za utabiri wa hali ya hewa zimejengwa juu ya utengano huo. Kompyuta ya mtabiri inapouliza kama Dar es Salaam itapoa kesho, inauliza mambo mawili kwa wakati mmoja: hewa yenyewe inapoa, au upepo unaleta hewa nyingine iliyo baridi zaidi?

Sasa tuje kwenye swali ambalo kwa miaka mingi halikuonekana kama swali. Mnyororo una viungo, na viungo vinazidishwa. Tuanze kuzidisha upande upi?

Kwa msafara wetu haijalishi. Namba tatu zikizidishwa kutoka kushoto au kulia jibu ni moja na kazi ni ile ile. Lakini kiungo kinapopokea vitu vingi na kutoa vingi, kiwango chake cha badiliko huwa jedwali zima la namba, na hapo mpangilio unaamua kama kazi itachukua dakika au miaka. Fikiria mfumo wenye mambo milioni moja ya kuingiza na tokeo moja mwishoni. Ukianza mwanzoni, lazima utikise kila jambo peke yake na kulifuata hadi mwisho: safari milioni moja. Ukianza mwishoni, unabeba swali moja tu kurudi nyuma, "tokeo hili lingebadilikaje kama wewe ungebadilika?", na kila kiungo kinaligawa swali hilo kwa vile vilivyokilisha. Ukifika mwanzoni, majibu yote milioni yako mkononi kwa safari moja. Mwaka 1983 Walter Baur na Volker Strassen walithibitisha kwamba gharama ya majibu yote hayo haizidi mara chache gharama ya kukokotoa tokeo lenyewe mara moja, hata kama mambo yanayoingizwa ni mengi kiasi gani. Sijui matokeo mengine ya hisabati ya karne ya 20 yaliyo rahisi hivi kuyaeleza na yenye faida kubwa hivi.

Njia hiyo ya kurudi nyuma iligunduliwa na watu mbalimbali ambao hawakuwa wakisomana. Seppo Linnainmaa aliiandika mwaka 1970 katika tasnifu yake ya uzamili mjini Helsinki, akitafuta jinsi makosa ya kukadiria namba yanavyojikusanya ndani ya kompyuta. Paul Werbos aliielekea katika tasnifu yake ya Harvard mwaka 1974. Mwaka 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walichapisha katika jarida la Nature makala iliyoonyesha kwamba mitandao ya neva ya kompyuta inaweza kujifunza kwa njia hiyo. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kilichoko Reading, Uingereza, kilianza mwaka 1997 kuitumia kwa kazi nyingine kabisa: kulinganisha utabiri na vipimo halisi vya angani, kisha kulirudisha kosa nyuma kupitia saa zilizopita ili kujua hali ya mwanzo ilipaswa kurekebishwa wapi. Wahandisi, watabiri na wataalamu wa akili mnemba walikuwa wanashika mnyororo mmoja.

Ndani ya mtandao wa neva kazi huenda hivi. Tabaka la kwanza hupokea namba, huzizidisha kwa parameta zake, huzijumlisha, huzipitisha kwenye fanksheni ndogo na kuzikabidhi kwa tabaka linalofuata, hadi mwisho ambapo hupatikana namba moja inayosema mtandao umekosea kiasi gani. Mtandao wa neva uitwao GPT-3, uliotangazwa mwaka 2020, ulikuwa na parameta bilioni 175. Kila mojawapo inahitaji kujua: nikiongezeka kidogo, kosa litakua au litapungua? Kuzijaribu moja moja kungedai kuuendesha mtandao mara bilioni 175 kwa hatua moja tu ya kujifunza. Kanuni ya mnyororo ikisomwa kutoka mwisho hutoa majibu yote kwa safari moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Bei yake ni kumbukumbu. Kila kiungo, tumeona, lazima kipimwe mahali kilipofikishwa; kwa hiyo namba zote za katikati zilizopatikana wakati wa kwenda hazina budi kuhifadhiwa hadi wakati wa kurudi. Sehemu kubwa ya kumbukumbu inayoliwa na mashine zinazofunza akili mnemba inatokana na mabano yale ya f′(g(x)).

Na ule ukweli wa kiungo dhaifu? Fanksheni ndogo iliyopendwa zamani, yenye umbo la herufi S, haina mwinamo unaozidi 0.25 popote. Ukiziweka tabaka kumi, na ukiachilia mbali parameta zenyewe, zao la viungo halizidi 0.25 kwa kipeo cha kumi, yaani moja juu ya 1,048,576. Habari ya kosa ikifika tabaka la kwanza imekwisha kunyauka, na tabaka hilo halijifunzi kitu. Sepp Hochreiter alilichambua tatizo hili mwaka 1991 katika tasnifu aliyoandika mjini Munich, na mwaka 1997 yeye na Jürgen Schmidhuber walipendekeza muundo wa mtandao wenye kumbukumbu ya muda mrefu ili kulikwepa. Suluhisho lingine lililoenea lilikuja mwaka 2015, pale Kaiming He na wenzake walipojenga mtandao wa tabaka 152 kwa kuongeza njia za mkato: kila kundi dogo la tabaka hutoa kilichoingia pamoja na kile lilichokifanyia kazi. Kwa lugha ya kanuni yetu, waliongeza njia ya pili ambayo kiwango chake ni 1 kamili. Kiungo kinachozidishwa hakiwi tena namba ndogo peke yake, bali 1 pamoja na namba hiyo, na mnyororo haunyauki.

Nimeyasema haya yote kwa sababu ya jinsi kanuni hii inavyofundishwa. Nchini Tanzania mwanafunzi huikuta kidato cha tano au cha sita, na mara nyingi kwa sura ya (3x + 2)⁵: shusha kipeo, punguza moja, zidisha kwa kilichotoka ndani, andika 15(3x + 2)⁴, nenda swali linalofuata. Anaweza kufaulu mtihani wa taifa bila kuulizwa hata mara moja namba aliyoipata inapimwa kwa kipimo gani. Kisha huja maswali ya tangi linalojaa maji, na kubadilisha vigezo katika ukokotoaji wa eneo, ambako ni kanuni ile ile ikisomwa kinyumenyume, naye anayaona kama mada tatu zisizohusiana.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Kabla ya mabano na vipeo, anzeni na bodaboda. Shilingi kwa lita, mara lita kwa kilomita, mara kilomita kwa saa: ni shilingi ngapi kwa saa? Wanafunzi watalijibu hilo bila kufundishwa. Kisha waambieni ukweli kwamba lita kwa kilomita hubadilika na mwendo, na muwaulize wataipima kwenye mwendo upi. Atakayejibu swali hilo la pili mpeni (3x + 2)⁵ siku hiyo hiyo, yuko tayari.